Kilometa Zilizorudishwa Nyuma



Ukurasa huu umezoea kuanza na somo la Dominika. Leo tunaomba ruhusa ya kuanza na karatasi moja iliyokunjwa mara nne, ambayo kijana wa parokia yetu aliikuta nyuma ya dashibodi ya basi dogo la shirika. Amri ya saba na ya nane tumezifundisha kwa zaidi ya miaka ishirini, kwanza kwa wakatekumeni, halafu kwa wanafunzi wanaojiandaa kuwa walimu. Hata hivyo karatasi ile ilitufundisha jambo ambalo hatukuwa tumelielewa. Nasi tukisema «sisi» katika maandishi haya, ni kwa sababu kosa tutakalolieleza halikuwa la mtu mmoja. Mwandishi alikuwamo kama wengine, na pengine kuliko wengine.

Mwaka 2015 shirika letu la walei mjini Lubumbashi lilinunua basi dogo. Michango ilikuwa imekusanywa kwa miaka miwili na nusu. Akina mama wauza karanga na wauza mkaa walitoa, walimu walitoa, wafanyakazi wa migodi walitoa. Kusudi lilikuwa kupeleka wagonjwa hospitalini, kusafirisha vijana kwenye hija, na kusindikiza marehemu hadi makaburini bila familia zao kulipa bei za kuumiza. Muuzaji alitueleza kwamba gari limetoka Ubelgiji, likashuka katika bandari ya Dar es Salaam, likavuka Zambia na kuingia kwetu kwa mpaka wa Kasumbalesa. Usukani wake ulikuwa upande wa kushoto, nasi tukafurahi, maana nchi yetu huendesha upande wa kulia wa barabara, ilhali magari mengi yanayotufikia kutoka Japani yana usukani wa kulia. Kipimo cha kilometa kilionyesha 126,000. Tukalipa dola 9,800, Padre akalibariki gari, tukapiga picha mbele ya kanisa.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza zaidi. Tulitazama rangi, tukasikiliza injini kwa dakika kumi, tukahesabu viti.

Mwezi wa tano injini ilianza kunywa oili na kutoa moshi wa buluu. Fundi alipolikagua gari alituonyesha pedali ya breki, ambayo mpira wake ulikuwa umelika hadi chuma kuonekana. «Gari la kilometa laki moja na kitu halina pedali kama hii,» akasema. Tukamjibu kwamba labda dereva wake wa kwanza alikuwa na viatu vizito. Mtu asiyetaka kujua hakosi maelezo.

Ndipo kijana mwanafunzi wa fundi huyo, mmoja wa kikundi chetu cha vijana, alipokuwa akifungua dashibodi ili kurekebisha nyaya, akaikuta ile karatasi. Iliandikwa kwa Kifaransa. Ilikuwa na namba ya shasi ya gari letu, kisha orodha ya tarehe, na mbele ya kila tarehe idadi ya kilometa. Mstari wa mwisho ulikuwa wa Machi 2013: kilometa 287,912. Gari lililokuwa limetembea zaidi ya kilometa 287,000 mwaka 2013 lilitufikia mwaka 2015 likiwa na 126,000. Katika safari yake ya kuja kwetu lilikuwa limepunguza umri.

Tulitaka kujua karatasi ile ni nini. Huko Ubelgiji inaitwa Car-Pass. Sheria iliyoileta ilipitishwa mwaka 2004, na tangu Desemba 2006 mtu anayemuuzia mwenzake gari lililotumika analazimika kumkabidhi cheti hicho kabla ya kukamilisha mauzo. Asipokitoa, mnunuzi ana haki ya kudai mauzo yavunjwe. Cheti hutolewa na shirika lisilotafuta faida, nalo hupata namba zake kwa njia rahisi: kila fundi anayelishughulikia gari, awe wa injini, wa bodi au wa matairi, pamoja na vituo vya ukaguzi, hulazimika kupeleka kilometa alizozisoma siku hiyo. Fundi wa matairi hamjui mnunuzi wa miaka kumi ijayo, wala hatamwona kamwe. Anaandika tu alichokiona. Lakini kutokana na mashahidi wadogo wa namna hiyo, mwongo wa kesho hukosa mahali pa kujificha.

Wazo la kutunza historia ya gari ni la zamani zaidi ng'ambo ya Atlantiki. Nchini Marekani, kurudisha nyuma kipimo cha kilometa kulikatazwa na sheria ya nchi nzima mwaka 1972, na muuzaji akatakiwa kutia sahihi idadi ya maili anapomkabidhi mnunuzi gari. Sheria pekee haikutosha. Mwaka 1984, katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, mtaalamu wa kompyuta aitwaye Ewin Barnett, aliyechukizwa na udanganyifu huo, alianzisha kampuni inayojulikana leo kwa jina la Carfax. Mwaka 1986 ilianza kuwapa wauzaji wa magari taarifa za historia ya gari, ikizituma kwa mashine za faksi, kutoka katika hazina ya kumbukumbu 10,000 tu. Kufikia mwisho wa mwaka 1993 ilikuwa ikipokea kumbukumbu za hati za umiliki kutoka karibu majimbo yote 50 ya nchi ile, na Desemba 1996 ikafungua tovuti ambayo hata mnunuzi wa kawaida angeweza kuitumia. Leo kumbukumbu zake zinahesabiwa kwa mabilioni, na zipo kampuni nyingine zinazofanya kazi hiyohiyo.

Ufunguo wa hazina hiyo ni namba ya shasi. Tangu mwaka 1981 magari yanayouzwa Marekani hubeba namba yenye tarakimu na herufi 17. Herufi I, O na Q hazitumiki, ili mtu asizichanganye na moja na sifuri. Mnunuzi huandika namba hiyo, naye hupewa yale yaliyokusanywa kutoka ofisi za kusajili magari, vituo vya ukaguzi, garaji, minada, polisi na kampuni za bima: gari limekuwa na wamiliki wangapi, limepata ajali zipi zilizoripotiwa, lilisomeka maili ngapi siku fulani, na kama liliwahi kuzama katika mafuriko au kuhesabiwa na bima kuwa limeharibika kupita kiasi. Alama hizo mbili za mwisho huandikwa katika hati ya umiliki yenyewe. Basi wenye hila huko hubuni mbinu inayoitwa «kuosha hati», yaani kulisajili gari upya katika jimbo jingine ambalo haliitambui alama ile, ili hati mpya itoke safi. Baada ya Kimbunga Katrina cha mwaka 2005, magari yaliyozama Louisiana yalikaushwa, yakapakwa manukato, yakauzwa mbali na watu walioona maji yale. Ofisi ya usalama barabarani ya Marekani inakadiria kwamba kila mwaka magari zaidi ya 450,000 huuzwa nchini mle yakiwa na maili za uongo, na kwamba hasara kwa wanunuzi hupita dola bilioni moja.

Twawaeleza haya, ndugu vijana, kwa sababu mbili. Ya kwanza, msidhani kwamba uongo wa namna hii ni wa kwetu tu, wala kwamba nchi tajiri hazina waongo. Tofauti ni kwamba wenzetu wamekubali kuwa neno la muuzaji peke yake halitoshi, wakajenga mahali ambapo maneno ya watu wengi hukutana. Ya pili ni kwamba hata taarifa hizo zina mpaka wake. Zinasema tu yale ambayo mtu fulani alikubali kuyasema. Gari lililogongwa usiku na kunyooshwa uani kwa shemeji, pasipo bima wala polisi, litaonekana safi katika taarifa. Carfax yenyewe hukiri kwamba haina historia yote ya kila gari. Na gari likishavuka bahari kuja kwetu, mara nyingi daftari lake hufungwa. Mkono wa mtu mwenye kompyuta ndogo unaweza kuirudisha namba nyuma kwa dakika chache, wala hapana ofisi itakayoshtuka.

Basi, turudi Lubumbashi. Tulimtafuta aliyetuuzia. Akaapa kwamba naye alinunua hivyohivyo. Labda alisema kweli, hatuna uthibitisho kinyume chake. Kamati ya watu tisa ikakutana Jumamosi jioni. Gari lilikuwa likihitaji injini nyingine, nasi fedha hatukuwa nazo. Mmoja wetu akasema kwamba anamfahamu mwalimu anayekaribia kustaafu, ambaye anatafuta basi dogo la kufanyia taksi na yuko tayari kutoa dola 7,500. Fundi angeweza kuongeza oili nzito ili moshi utulie kwa muda. Kuhusu kilometa, tusingesema neno. Namba ingejisemea yenyewe.

Tuliyatetea mawazo hayo kwa bidii. Hatukuirudisha namba nyuma sisi. Tumedanganywa, hatudanganyi. Fedha hizi ni za maskini, na kuzipoteza ni dhambi pia. Kila hoja ilikuwa na chembe ya ukweli ndani yake, na ndiyo maana zilikuwa za hatari. Yeye aliyepaswa kusema kwa niaba ya dhamiri, yaani katekista, alinyamaza kwanza, halafu akatoa neno baya kuliko kimya: kwamba karatasi ile inahusu sheria za Ubelgiji, na kwamba huku kwetu hakuna sheria inayotudai kuionyesha. Lilikuwa jibu la mwalimu, lenye mpangilio mzuri. Watu wakashusha pumzi.

Yule kijana alikuwa ameitwa ili atueleze alivyoikuta karatasi. Alikuwa amesimama karibu na mlango, kucha zake zikiwa bado na oili. Akainua mkono kama darasani. «Baba Mwalimu, naomba kuuliza. Ile karatasi, niirudishe mahali nilipoikuta, ama niichane?»

Hakuwa akitusuta. Alikuwa mwanafunzi wa ufundi anayeomba agizo kabla ya kufunga dashibodi. Lakini hakuna aliyeweza kumjibu. Kama ikirudishwa, siku moja mwalimu mstaafu ataikuta kama tulivyoikuta sisi, naye atajua tulichojua. Kama ikichanwa, mmoja wetu lazima amwagize kijana wa miaka kumi na tisa kuichana, na atakuwa amejifunza kutoka kwetu jambo ambalo hakuna somo la dini litakalolifuta. Mpaka dakika ile tulikuwa tukijiambia kwamba hatufanyi lolote, tunanyamaza tu. Swali lake lilituonyesha kwamba kunyamaza kwetu kulihitaji mikono. Tukafunga mkutano bila uamuzi, na bila sala ya mwisho, maana hakuna aliyejitolea kuiongoza.

Usiku ule tulifungua vitabu ambavyo tulikuwa tumevifundisha bila kuvisikiliza. Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyeishi karne ya kumi na tatu, hakujua magari, lakini alijua soko la farasi. Katika kitabu chake kikuu cha teolojia anauliza kama muuzaji analazimika kutaja kasoro ya kile anachokiuza. Jibu lake linatofautisha. Kasoro iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, mnunuzi anaiona mwenyewe, na muuzaji akipunguza bei ipasavyo, halazimiki kuitangaza. Lakini kasoro iliyofichika, inayoweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, muuzaji analazimika kuieleza, asije akauza farasi kilema kana kwamba ni mwepesi wa mbio, au nyumba inayotaka kuanguka kana kwamba ni imara. Hasemi kwamba wajibu huo unamhusu tu yule aliyemvunja farasi mguu. Unamhusu yule anayejua na anayeuza. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2409, inaweka udanganyifu wa biashara chini ya amri ya saba, pamoja na kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwingine. Ujinga wa mnunuzi ndio tuliotaka kuuuza, kwa dola 7,500. Manabii nao walikuwa wamekwisha kutuonya: Amosi aliwakemea wale wanaopunguza kipimo na kuipotosha mizani. Kipimo cha kilometa ni mizani ya zama zetu.

Juma lililofuata tulipiga kura. Watano walitaka kusema ukweli, wanne hawakutaka. Hatuwalaumu wale wanne, maana siku saba kabla tulikuwa upande wao. Tukamwendea mwalimu na kumpa karatasi. Aliisoma mstari kwa mstari, kama anayesahihisha daftari la mwanafunzi, halafu akauliza, «Nanyi mlilinunua mkijua?» Tukasema hapana. Akaikunja karatasi, akatuomba siku tatu. Akarudi pamoja na fundi wake, wakalikagua gari, akatoa dola 4,200. Tukapokea.

Tungependa kuwaambia kwamba Mungu aliturudishia maradufu mwezi uliofuata. Haikuwa hivyo, na si vema kuwafundisha ninyi vijana kwamba uaminifu ni biashara yenye faida ya haraka. Tulipoteza dola 3,300 ambazo tungeweza kuzipata kwa kunyamaza. Kwa miaka minne shirika halikuwa na gari, na katika miaka hiyo wapo marehemu tuliowasindikiza kwa magari ya kukodi ambayo familia zililipia kwa mikopo. Katika mkutano wa wanachama wote, mama mmoja muuza karanga alisimama akatuuliza kwa nini fedha zake ndizo zilizolipia uaminifu wetu. Alikuwa na haki. Ukweli tuliousema mwishoni uligharimu kwa sababu mwanzoni hatukutaka kuutafuta. Tuliomba msamaha mbele ya wote, na wajumbe tisa wa kamati wakakubaliana kurudisha sehemu ya hasara kutoka mifukoni mwao, dola kumi kwa mwezi kila mmoja. Katekisimu inafundisha kwamba haki iliyovunjwa hudai fidia, nasi tusingeweza kulisoma fundisho hilo mbele ya watu na kuwaacha maskini walipie uzembe wetu. Si wote tuliomaliza kulipa.

Kutokana na hayo, ndugu vijana, kuna jambo moja tunalotaka mlichukue. Tulipokuwa tukiwafundisha habari ya Kitubio, mara nyingi tulisema kwamba Mungu anafuta yote na mtu anaanza upya. Ni kweli, na hatuliondoi hata neno moja. Lakini wengine wenu, na sisi pia, tumesikia katika maneno hayo kitu kisichokuwamo: kwamba kutubu ni kurudisha kipimo nyuma. Aliyerudisha kipimo cha basi letu alitaka lionekane jipya bila kulitengeneza. Injini ilibaki ile ile, na breki zile zile. Anayetubu hufuata njia nyingine. Huiacha namba isomeke ilivyo, na kuishughulikia injini. Mtazameni Zakayo. Alipokutana na Yezu hakusema kwamba tangu leo watu wasahau kazi yake ya ushuru. Alisema kwamba kama amemdhulumu mtu yeyote, atamrudishia mara nne, na nusu ya mali yake akawapa maskini. Wokovu uliingia katika nyumba ambayo kila jirani aliijua historia yake.

Tena tunawaonya msilichukue somo hili kinyume. Mtu si gari, wala hatuna ruhusa ya kutafuta historia ya jirani ili kumshusha bei. Tumesikia vijana wakiulizana kuhusu msichana anayeposwa au mvulana anayetaka kuoa, kana kwamba wanataka cheti cha wamiliki wa zamani. Lugha hiyo ni ya aibu. Padre anayesikiliza kitubio hatunzi daftari, na siri ile haivunjwi kwa sababu yoyote. Kosa la jirani lililosamehewa si letu kulitangaza. Lakini kosa letu sisi, pale ambapo kimya chetu kitamwumiza mwingine, ni letu kulisema. Mwenye ugonjwa wa kuambukiza, mwenye deni, mwenye mtoto ambaye mchumba hamjui: hao hawadaiwi na umbea wa mtaa, wanadaiwa na yule mmoja atakayepanda gari lao na kuwakabidhi maisha yake.

Wengi wenu mnafanya kazi katika garaji, wengine ni madereva, wengine ni makomisioneri mnaokutanisha wauzaji na wanunuzi. Kwenu ninyi maneno haya yana sura ya kila siku, basi tuyaseme waziwazi. Unapomsaidia mtu kununua gari, soma namba ya shasi iliyogongwa katika chuma, uilinganishe na ile ya hati. Zikipishana hata kwa herufi moja, ondokeni. Tazama pedali, usukani na kiti cha dereva, maana vitu hivyo huzeeka pamoja na injini wala havina kompyuta ya kuwadanganyia umri. Tafuta vibandiko vya kubadilisha oili mlangoni au chini ya boneti. Gari likitoka Ubelgiji, uliza Car-Pass. Likiwa la soko la Marekani, kwa namba yake ya 17 unaweza kuomba taarifa kwa njia ya simu yako. Likitoka Japani, namba ya shasi ya magari ya soko lao la ndani ni fupi zaidi na haifunguki katika hazina za Marekani. Lakini magari mengi ya huko hupita mnadani, na karatasi ya mnada huandika kilometa, daraja la gari, na michoro ya mahali lilipogongwa. Omba kuiona karatasi hiyo pamoja na hati ya kusafirishia gari nje. Na uwe na fundi wako, asiyelipwa na muuzaji.

Kisha, ukiwa wewe ndiwe fundi, andika. Daftari la franka chache linatosha: tarehe, kilometa, kilichofanyika, sahihi yako. Mpe mwenye gari. Kwetu hakuna sheria inayokulazimisha, wala hazina itakayoipokea namba yako, lakini mnunuzi wa miaka kumi ijayo ni jirani yako tayari, ingawa hujamwona. Basi letu la sasa, tulilolipata mwaka 2019, lina daftari la namna hiyo. Aliyelianzisha ni yule kijana, ambaye sasa ana garaji yake mwenyewe. Ukurasa wa kwanza ameandika kilometa zilizosomeka siku tuliyolipokea, na chini yake ameongeza kwamba namba hiyo hana uhakika nayo.

Tulimwuliza baadaye kama siku ile ya mkutano alikuwa akijua anachotufanyia. Akasema hapana, alikuwa na haraka ya kufunga dashibodi, kwa sababu kulikuwa kunaingia giza.

Maswali kwa ajili ya vikundi

1. Je, kuna kitu tunachokijua kuhusu mali, kazi au maisha yetu, ambacho mtu mwingine atapata hasara kwa kutokukijua? Nani anapaswa kuambiwa, na nani hapaswi?

2. Katika kazi zetu za kila siku, ni lini tumejitetea kwa kusema kwamba «hatukusema uongo, tulinyamaza tu»?

3. Mama muuza karanga alikuwa na haki. Kikundi chenu kingemjibu nini?

Tusali: Ee Bwana, wewe unayezijua njia zetu zote na bado watuita kwa jina, utupe moyo wa kusema ukweli unaodaiwa kwetu, na ulimi wa kunyamaza juu ya makosa uliyokwisha kuyasamehe kwa wengine. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.